Kilichoyeyuka Majini: Kutambua Ioni kwa Matone Machache

Kijitabu cha elimu kwa wanafunzi wa sekondari, walimu na wazazi wa Kibera na Kawangware

Kuanzia Laini Saba hadi Makina, na kuanzia Gatina hadi steji ya 46, maji hununuliwa kwa mtungi. Mnunuzi huyatazama, huyanusa, pengine huyaonja, kisha hulipa. Matope yataonekana, na chumvi ikizidi ulimi utaijua. Lakini vitu vingi vilivyoyeyuka majini havina rangi wala harufu wala ladha, na baadhi yake ndivyo vinavyomwingia mtoto mwilini miaka nenda miaka rudi bila mtu kushtuka.

Mwanafunzi wa kidato cha nne hukutana na fumbo hilohilo katika karatasi ya tatu ya Kemia, ile ya 233/3 yenye alama 40. Anapewa neli yenye kimiminika kinachofanana na maji matupu, na anaulizwa kimebeba nini. Tumeandika kijitabu hiki kwa sababu tunaamini ujuzi wa neli hiyo haupaswi kuishia kwenye karatasi ya mtihani. Mtoto wa Silanga anayejua kuuliza maji swali sahihi, na anayejua jibu lile linafika wapi na linakomea wapi, ni faida kwa ploti nzima.

Ioni, na jinsi zinavyojitokeza

Ukikoroga chumvi ya mezani kwenye maji, inagawanyika. Upande mmoja kuna ioni za sodiamu zenye chaji chanya, upande wa pili ioni za kloraidi zenye chaji hasi, na zote huzunguka majini bila kuonekana. Ili kuitambua ioni iliyojificha, tunaitilia ioni nyingine ambayo haiwezi kukaa nayo majini. Zikikutana zinashikana na kuwa kitu kigumu kisichoyeyuka, nayo maji yanatibuka. Kitu hicho tunakiita mashapo. Wakati mwingine badala ya mashapo hutoka gesi, au rangi hubadilika.

Kemikali tunayotilia huitwa kitendanishi. Vitendanishi vinavyofanya kazi kubwa shuleni ni vichache: haidroksaidi ya sodiamu, myeyusho wa amonia, nitrati ya risasi, kloraidi ya bariamu, nitrati ya fedha, iodaidi ya potasiamu, na asidi zilizozimuliwa.

Pasipo na maabara

Shule nyingi za mitaa hii, hasa zile za kijamii zilizojengwa kwa mabati, hazina maabara kamili. Mwalimu hufanya jaribio moja mbele ya darasa na wanafunzi wa nyuma huambulia kusimuliwa rangi. Hilo linatuuma, kwa maana kemia ya aina hii hujifunzwa kwa jicho na mkono. Ipo njia ya kulipunguza.

Chukua karatasi ya plastiki angavu, kama ile ya kufunikia vitabu, uitandaze juu ya karatasi ambayo nusu yake ni nyeusi na nusu ni nyeupe. Weka matone 2 ya myeyusho usioujua juu ya plastiki, kisha ongeza tone 1 la kitendanishi ukitumia kidonezi au bomba la sindano lisilo na sindano. Tone husimama kama kuba dogo. Mashapo meupe, ambayo kwenye neli iliyochafuka ungeweza kuyakosa, yanaonekana wazi juu ya upande mweusi. Mashapo ya rangi yasome juu ya upande mweupe. Kiasi cha kemikali ambacho zamani kilitosha kundi moja sasa kinatosha darasa zima, na kila mtoto anafanya kwa mkono wake. Majaribio ya kupasha moto tu ndiyo yatakayobaki kwenye neli.

Maji ya kuoshea nayo yana siri yake. Osha neli kwa maji ya mfereji, dondoshea nitrati ya fedha, na utaona ukungu mweupe kabla hujaweka sampuli yoyote: maji yenyewe yana kloraidi. Mwanafunzi asiyejua hilo ataandika kloraidi ipo katika kila myeyusho atakaopewa. Kwa hiyo suuza mara ya mwisho kwa maji yaliyokenekwa, na kila jaribio lifanyie kwanza maji hayo matupu ili uone yanavyojibu yakiwa peke yake. Ukikosa ya maabara, maji ya betri yanayouzwa kwenye vituo vya petroli hufaa. Soma lebo mara mbili, kwani pembeni yake huuzwa asidi ya betri, ambayo ni asidi ya salfuriki na huchoma. Maji ya mvua yaliyokingwa kutoka kwenye paa la mabati usiyatumie hapa. Mabati hupakwa zinki, na mvua huondoka na sehemu ya zinki hiyo.

Dondosha, usimwage

Kosa linalowapotezea wanafunzi wengi alama ni haraka ya mkono. Haidroksaidi ya sodiamu ikiingia kidogo kwenye myeyusho wenye zinki, alumini au risasi, hutokea mashapo meupe. Ikizidi, mashapo hayo huyeyuka na myeyusho unang'aa tena. Sasa mtu akimwaga yote kwa mkupuo mmoja, mashapo huja na kuondoka bila yeye kuyaona, naye anaandika kwa moyo mweupe kwamba hakuna kilichotokea. Dondosha tone moja, tikisa, tazama, andika. Ndipo uongeze mpaka izidi, na uandike tena.

Amonia hutenganisha yaliyobaki pamoja. Mashapo ya zinki huyeyuka amonia ikizidi, ya alumini na ya risasi hayayeyuki. Magnesiamu hutoa mashapo meupe yasiyoyeyuka katika kitendanishi chochote kati ya hivyo viwili. Kalsiamu hutoa mashapo kwa haidroksaidi ya sodiamu lakini kwa amonia hukaa kimya, mradi amonia iwe safi. Chupa ikiachwa wazi hunyonya kaboni dayoksaidi hewani, na kaboneti inayozalika humo itakuletea mashapo ya uongo. Funga chupa zako.

Shaba haina shida: mashapo ya buluu ambayo huyeyuka amonia ikizidi na kuacha myeyusho wa buluu iliyokolea, rangi ambayo ukiiona mara moja huisahau. Chuma chenye chaji 2 hutoa mashapo ya kijani kichafu, na chenye chaji 3 ya kahawia nyekundu. Yaache yale ya kijani kwa dakika chache na utaona juu yake panageuka kahawia, kwa sababu oksijeni ya hewani imekigeuza chuma. Ndivyo inavyokuwa kwa maji ya visima vingine: yanachotwa yakiwa maangavu, na kufikia jioni mtungi una utando wa kutu chini.

Amoniamu haitoi mashapo kabisa. Pasha moto taratibu pamoja na haidroksaidi ya sodiamu, ushike karatasi nyekundu ya litimasi iliyoloweshwa mdomoni mwa neli bila kugusa kioo. Ikigeuka buluu, amonia imetoka. Sodiamu na potasiamu nazo hazina mashapo katika majaribio haya. Hutambuliwa kwa rangi ya moto, ya njano kwa sodiamu na ya zambarau hafifu kwa potasiamu. Ila chembe ya jasho la kidole tu inatosha kuleta njano ya sodiamu na kuifunika ile zambarau.

Tufuate myeyusho mmoja hadi mwisho

Tuseme umepewa myeyusho usio na rangi. Kutokuwa na rangi peke yake kumeshaondoa shaba na kutia shaka kubwa juu ya chuma. Haidroksaidi ya sodiamu inaleta mashapo meupe yanayoyeyuka ikizidi: wamebaki watatu, zinki, alumini na risasi. Amonia inaleta mashapo meupe yasiyoyeyuka, hivyo zinki ametoka. Kati ya alumini na risasi, muulize iodaidi ya potasiamu. Risasi ingetoa mashapo ya njano kali, na hapa hakuna njano. Andika alumini.

Nusu hasi bado haijajulikana. Chukua sampuli mpya, kwani ile ya kwanza imeshachanganywa na mengine. Tilia kloraidi ya bariamu: mashapo meupe. Usikimbilie kuandika salfeti, maana salfaiti na kaboneti hutoa mashapo yanayofanana nayo. Ongeza asidi ya naitriki iliyozimuliwa. Ya salfaiti na kaboneti yangeyeyuka, tena kaboneti ingetoa mapovu ya gesi inayoyageuza maji ya chokaa kuwa meupe kama maziwa. Haya hayakuyeyuka. Ni salfeti.

Ulichoshika ni salfeti ya alumini, au ndugu yake shabu, lile jiwe jeupe la dukani ambalo kinyozi hulisugua kidevuni baada ya kunyoa na watu wengine hulitumia kutuliza maji ya tope. Ukitaka kujua ni yupi kati ya hao wawili, tafuta ile zambarau hafifu kwenye moto, kwa sababu shabu ina potasiamu.

Angalia mpangilio wa asidi pia. Ukitafuta kloraidi kwa nitrati ya fedha, usitie kwanza asidi ya haidrokloriki, kwa kuwa umeileta kloraidi mwenyewe. Ukitafuta salfeti, usiguse asidi ya salfuriki. Nitrati ndiyo ngumu kuliko zote, kwani karibu chumvi zake zote huyeyuka. Pasha sampuli na haidroksaidi ya sodiamu mpaka amonia yoyote iliyokuwemo iishe. Kisha weka kipande cha karatasi ya alumini ya jikoni na upashe tena. Litimasi ikigeuka buluu mara hii ya pili, nitrati imegeuzwa kuwa amonia.

Katika mtihani andika ulichoona kabla ya kuandika unachodhani. Ukitaja ioni ambayo haikubaliani na ulichoona, utapoteza alama hata kama jina sahihi limo kwenye orodha yako.

Neli ikinyamaza

Hapa ndipo tunapomwomba kila mzazi na mwalimu atulie asome polepole. Majaribio haya huonyesha ioni iliyomo kwa wingi wa kutosha kuonekana kwa macho. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha risasi katika maji ya kunywa kuwa miligramu 0.01 kwa lita. Ili njano ya iodaidi ionekane, risasi inapaswa kuwa mamia ya mara zaidi ya hapo. Maji yenye sumu yanaweza kupita mbele ya jaribio hili yaking'aa. Kule Owino Uhuru, Mombasa, penye kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu, madhara ya risasi yalithibitishwa kwa vipimo vya damu. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aliongoza mapambano ya wakazi na mwaka 2015 akatunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman.

Floraidi ni mfano wa karibu zaidi, kwa kuwa visima vingi vya Nairobi vimechimbwa katika miamba ya volkano yenye floraidi. Kikomo chake ni miligramu 1.5 kwa lita. Nitrati ya fedha haiioni kabisa, kwa sababu floraidi ya fedha huyeyuka. Mtoto anayekunywa maji yenye floraidi nyingi huota meno ya madoa ya kahawia, na madoa hayo hayatoki kwa mswaki. Kuchemsha hakusaidii. Mvuke unaondoka, floraidi inabaki, na kila sufuria iliyopungua ina floraidi nyingi zaidi kwa kikombe.

Nitrati nayo huvuja kutoka vyooni na kuingia kwenye maji ya ardhini, au kwenye mabomba ya plastiki yaliyopitishwa mitaroni yakipasuka. Kikomo chake ni miligramu 50 kwa lita, na anayeumia zaidi ni mtoto mchanga anayenyweshwa maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa maji hayo. Hiyo pia haiondoki kwa kuchemsha. Vijidudu vya kipindupindu navyo si ioni, wala hakuna tone katika kijitabu hiki litakalovionyesha. Kwa ajili yao, endelea kuchemsha au kutia dawa ya klorini.

Mabaki na chupa

Nitrati ya risasi na kloraidi ya bariamu ni sumu. Nitrati ya fedha huacha doa jeusi kwenye ngozi. Majaribio yafanywe shuleni chini ya mwalimu, kwa miwani, kamwe si nyumbani jikoni. Usihifadhi kemikali katika chupa ya soda: mtoto mdogo atainywa. Dawa ya klorini ya kufulia isikutane na asidi, kwani hutoa gesi inayochoma mapafu. Mabaki ya risasi, bariamu na fedha yasimwagwe mtaroni. Mitaro ya Kibera hushuka hadi Bwawa la Nairobi na Mto Ngong, na chini huko kuna watu wanaomwagilia mboga. Yakusanyeni kwenye chombo kimoja chenye kifuniko na lebo, mkikabidhi shule yenye maabara kamili au maabara ya serikali.

Ukishuku maji ya mtaani kwenu

Usitangaze kwamba maji ya fulani ni sumu kwa sababu tone limetibuka. Kloraidi pekee haithibitishi uchafu wa choo, na tangazo la haraka linaweza kumharibia mchuuzi riziki bila kosa. Chukua chupa safi ya plastiki, isuuze mara 3 kwa maji hayohayo, ijaze na uifunge. Andika juu yake mahali, tarehe, saa, na kama ni ya mfereji, tangi au kisima. Iweke penye baridi na uifikishe maabara siku hiyohiyo, kwa sababu bakteria huweza kubadilisha nitrati chupa ikikaa. Kwa vijidudu, omba chupa maalumu iliyotakaswa na maabara yenyewe. Kwa risasi, chukua maji ya kwanza kutoka kwenye bomba asubuhi kabla hayajatiririka, maana hayo ndiyo yaliyolala kwenye chuma usiku kucha. Maabara za serikali na za kampuni ya maji ya Nairobi hupima kwa mashine zinazofikia viwango vidogo tulivyotaja. Taja kwa jina unachotaka kipimwe: floraidi, nitrati, risasi. Ukiomba tu "vipimo vya maji", huenda ukapewa vijidudu peke yake.