Siku za mapumziko zilizoishia angani

SWALI: Mimi ni mhudumu wa ndege, nina miaka 31, naishi Embakasi, Nairobi. Rafiki yangu wa tangu shule ya msingi alichukua likizo ya mwezi mzima, nasi tukaahidiana kutembea kwa kuwa napata tiketi nafuu za wafanyakazi. Mwezi huo nilikwenda New York kikazi, nikarudi, nikalala nyumbani usiku mmoja, kisha tukaenda sote Bangkok siku nne. Tuliporudi nilipangiwa Kinshasa, halafu New York tena, na mwisho tukamalizia Zanzibar. Tulifurahi mno. Mwenzangu amerudi kazini mzima kabisa. Mimi tangu hapo usingizi umenikimbia: usiku macho makavu, mchana nasinzia hata nikiwa nimesimama. Hedhi imevurugika ingawa nameza vidonge vya uzazi wa mpango vya kila siku. Mguu wa kushoto nao umevimba kidogo, nadhani ni kwa sababu ya kusimama sana. Kuna mwenzangu kazini amenipa vidonge vya usingizi. Nivitumie?
– Mhudumu, Nairobi

JIBU: Dada yangu, umeuliza habari za usingizi, lakini mimi nilikwama kwenye mguu. Barua yako ilipofika sikungoja siku ya safu hii. Nilikuandikia jioni ileile nikikusihi uende hospitali ukapimwe altrasaundi ya mishipa. Nashukuru kwamba ulikwenda, na nashukuru zaidi kwamba hapakuonekana damu iliyoganda. Umeniruhusu niyaseme haya hapa ili wenzako waelewe kwa nini niliharakisha.

Miguu inayovimba kwa kusimama huvimba yote miwili, na ukilala ukiiinua, asubuhi huwa imepungua. Mguu mmoja ukivimba peke yake, hasa ukiuma kwenye shavu la mguu au ukiwa na joto kuliko mwenzake, ni lazima kwanza tuhakikishe kwamba damu haijaganda katika mshipa wa ndani. Bonge hilo la damu likikatika na kusafiri hadi kwenye mapafu linaweza kuua. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitangaza matokeo ya utafiti wake kuhusu safari ndefu: anayekaa bila kujinyoosha kwa saa 4 au zaidi, iwe kwenye ndege, basi, treni au gari, hatari yake ya kuganda damu huongezeka takriban maradufu. Kwa mtu mwenye afya hatari hiyo bado ni ndogo, kiasi cha mtu 1 kati ya 6,000. Lakini utafiti huohuo ulionyesha jambo linalokuhusu wewe moja kwa moja. Hatari haiishi unaposhuka kwenye ndege. Hubaki juu kwa takriban wiki 4, na anayepanda ndege mara nyingi ndani ya muda mfupi hatari yake huzidi kupanda. Wewe ulifululiza mwezi mzima. Na pia unatumia vidonge vya homoni, ambavyo vikiwa na estrojeni huongeza uwezekano wa damu kuganda.

Utasema, “Lakini mimi kazini sikai, natembea kutoka mkia wa ndege hadi mbele.” Ni kweli, na kutembea huko hukukinga. Sasa kumbuka safari ya Bangkok, ulipokuwa abiria. Karibu saa 9 kwenda, karibu saa 9 kurudi, huku umechoka kwa safari ya New York. Bila shaka ulilala kwenye kiti umejikunja, magoti hayana pa kwenda. Kwa hiyo ukisafiri kama abiria inuka kila baada ya saa moja au mbili, chezesha vifundo vya miguu, kunywa maji, na uache pombe. Muulize daktari wako kuhusu soksi za kubana zinazofika chini ya goti, zinazokutosha sawasawa. Ikiwa uvimbe haujaisha ndani ya wiki moja tangu ulipopimwa, rudi upimwe tena, kwa maana kipimo cha kwanza kinaweza kulikosa bonge dogo la chini. Ukipata pumzi fupi ya ghafla, kichomi, au ukikohoa damu, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Sasa usingizi. Tufanye hesabu pamoja. New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 7 au 8, kutegemea msimu. Bangkok iko mbele kwa saa 4. Ndani ya siku chache mwili wako ulitoka upande mmoja hadi mwingine, tofauti ya saa 11 au 12, yaani usiku na mchana vilibadilishana kabisa. Saa ya mwili, iliyo ndani ya ubongo juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapopishana, hujirekebisha kwa kiasi cha saa moja hivi kwa siku. Ulihitaji karibu wiki moja na nusu kuzoea Bangkok. Ulikaa siku nne, ukageuka, kisha ukarudi tena New York. Kuelekea mashariki ni kugumu zaidi kuliko magharibi, kwa sababu saa ya mwili kwa watu wengi hujivuta kidogo kupita saa 24, na hivyo kuchelewa kulala ni rahisi kuliko kulala mapema. Kila mara ulipotoka New York kurudi nyumbani ulikuwa unakwenda mashariki. Ukisimama Embakasi saa nne asubuhi, mwili ukiwa bado New York hudhani ni saa tisa usiku au saa nane. Ndiyo maana unasinzia umesimama.

Na si ubongo pekee. Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young walipata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2017 kwa kuonyesha, wakichunguza nzi wa matunda, jinsi seli zenyewe zinavyohesabu usiku na mchana. Tumbo lina saa yake, ini lina saa yake, na hazirekebiki kwa mwendo mmoja. Njaa ya usiku wa manane na choo kigumu vinatokana na hilo.

Rafiki yako alisafiri safari mbili tu, na moja kati ya hizo, Zanzibar, haina tofauti ya saa hata kidogo. Alipotoka Bangkok alilala kitandani kwake usiku baada ya usiku. Wewe kila siku ya mapumziko uliyopewa uliitumia angani. Kuna jambo ambalo ningependa kila mhudumu wa ndege alitie moyoni: kanuni za usafiri wa anga huweka mipaka ili mwili upate nafuu. Ulaya, kwa mfano, mhudumu haruhusiwi kuruka zaidi ya saa 100 ndani ya siku 28. Lakini saa hizo ni za kazini. Saa zako takriban 18 za kwenda na kurudi Bangkok hazionekani kwenye rosta ya mtu yeyote. Mwili wako haujui ipi ilikuwa zamu na ipi ilikuwa matembezi.

Vidonge vya usingizi ulivyopewa usivinywe. Sivijui ni aina gani, na aliyekupa naye si daktari wako. Vingi humwacha mtu mzito kwa saa nyingi baada ya kuamka, na kazi yako hasa ni kuwatoa watu ndani ya ndege inapotokea dharura. Melatonini ni kitu tofauti. Ni homoni ambayo ubongo hutoa giza linapoingia, na kipimo kidogo kikinywewa wakati wa kulala wa mahali ulipofika huwasaidia wasafiri waliovuka kanda tano za saa au zaidi. Ila ikinywewa saa isiyofaa huivuruga saa ya mwili zaidi, na kwa mtu anayebadilisha upande kila wiki, saa isiyofaa ndiyo rahisi kuipata. Zungumza kwanza na daktari wa afya ya usafiri wa anga kazini kwenu.

Dawa ninayokuandikia ni usiku wa nyumbani. Kwa wiki mbili usipande ndege isiyo ya kazi, na ukiweza omba safari fupi. Amka saa ileile kila siku hata kama usiku ulikuwa mbaya, na toka nje upate jua la asubuhi, kwa kuwa mwanga ndio unaoisogeza saa ya mwili kuliko kitu kingine chochote. Kahawa na chai ya rangi ziishie saa sita mchana. Nusu ya kafeini bado imo mwilini baada ya kama saa 5. Ukipangiwa New York kwa usiku mmoja au miwili, usijaribu kuwa mtu wa New York. Hakikisha angalau saa nne za usingizi wako zinaangukia usiku wa Nairobi, hata kama huko ni alasiri na itabidi ufunge mapazia, kisha ongeza usingizi mwingine baadaye.

Kuhusu hedhi, nashuku vidonge vyako navyo vimesafiri. Ukimeza kila jioni ya mahali ulipo, kuna siku umekaa saa 17 na kuna siku umekaa saa 31 kati ya kidonge na kidonge. Weka kengele ya simu kwa saa ya Nairobi na umeze kwa saa hiyo popote ulipo. Pima ujauzito kwanza. Kisha jadiliana na mtaalamu wa uzazi wa mpango kama kipandikizi au kitanzi, visivyo na estrojeni, vitakufaa zaidi kwa kazi hii.

Umetaja Kinshasa, nami siwezi kuipita. Mkazi wa Nairobi hana kinga ya malaria, na usiku mmoja wa mbu unatosha. Dalili huanza kuanzia siku ya 7 na kuendelea, wakati mwingine kama uchovu na maumivu ya viungo tu. Ukipata homa yoyote, pimwa siku hiyohiyo na umwambie daktari ulikolala.

Mwalike rafiki yako tena. Safari zenu zipangeni kaskazini na kusini badala ya mashariki na magharibi. Addis Ababa na Entebbe saa ni ileile ya Nairobi. Johannesburg na Cape Town tofauti ni saa moja tu, ingawa ni mbali. Mombasa mnaweza kwenda kwa treni. Kabla ya kuondoka uwe umelala nyumbani usiku miwili baada ya zamu ndefu, na mwambie mapema kwamba mapumziko hayo ni sehemu ya mpango wenu, si kumkwepa.

Ikiwa wiki mbili za kulala vizuri zitapita nawe bado unaamka umechoka, nenda ukapimwe wingi wa damu na tezi ya shingo, na usirudi kwenye safari ndefu hadi majibu yatoke.