Mstari Ambao Hauko

Somo la wiki: 2 Wakorintho 13:5, Matendo 17:10-12, Warumi 5:6-8

Jumapili tulianza na swali dogo: ni wangapi wanaujua mstari usemao Mungu husaidia wanaojisaidia? Karibu kanisa zima likainua mkono. Haya, tuufungue. Mmoja akakimbilia Mithali, mwingine Mhubiri, mama mmoja akasema ako na hakika uko Yakobo. Kurasa zikafunuliwa weee, mpaka watu wakaanza kucheka. Hauko.

Tangu Mwanzo mpaka Ufunuo, hauko. Wazo lenyewe ni la kale, limo hata katika hekaya za Wagiriki, na mwaka 1736 Benjamin Franklin wa Marekani alilichapisha katika almanaka yake. Huyo alikuwa mchapaji wa vitabu na magazeti, si mtume.

Mtu atasema, mchungaji, si ni msemo tu, una ubaya gani? Hata mimi nilidhani hivyo. Kuna dada alinijia zamani, mumewe yuko kitandani tangu alipoanguka mjengoni. Aliomba kanisa limchangie pesa ya dawa. Nikamwambia, dada, Mungu husaidia wanaojisaidia, anzia mahali. Akasema asante mtumishi, akaenda. Kumbe cherehani alikuwa ameshaiuza ndio watoto wale. Alikuwa amejisaidia mpaka akafika mwisho. Mimi nilimfungia mlango kwa jina la Mungu, kwa neno ambalo Mungu hakulisema.

Baadaye nikaisoma 2 Wakorintho 13:5 kwa macho mengine. Wakorintho walitaka kumpima Paulo. Yeye akawarudishia kipimo mkononi: jipimeni ninyi, mwone kama mko katika imani. Na imani hiyo huioni vizuri kwenye ukiri tunaosema pamoja ibadani, maana huo tumeukariri. Sikiliza maneno yanayokutoka bila kufikiri mtoto akianguka mtihani, biashara ya jirani ikifungwa, au mtu akikuomba mia mbili ya unga. Hayo ndiyo unayoyaamini.

Simtetei mvivu. 2 Wathesalonike 3:10 iko wazi kuhusu mtu huyo. Lakini isome polepole: Paulo anamsema mtu ambaye hataki kufanya kazi. Hasemi ambaye hawezi. Na Warumi 5:6 inatuambia Kristo alitufia tukiwa hatuna nguvu yoyote. Huwezi kuuweka ule msemo kando ya mstari huu na yote miwili ikakaa. Mmoja lazima utoke.

Watu wa Beroya walisikia mahubiri ya Paulo mwenyewe, na bado wakarudi kwenye Maandiko kila siku kuangalia kama ni kweli. Luka anawasifu kwa hilo. Basi mkinipima na mimi sitakasirika. (Labda kidogo.)

Wiki hii chukua daftari. Andika sentensi tatu ambazo hupenda kuwaambia watu wakiwa na shida. Kando ya kila moja andika ilitoka wapi: Biblia sura gani, au ni baba yako, ni mwalimu wa shule, ni redio, ni maandishi nyuma ya matatu. Nyingine ni za wazee wetu na zina busara, zibaki, ila tusizipatie sura na mstari.

Yule dada nilimwendea baada ya miezi minne. Nilipomwomba msamaha alicheka, akasema alishasahau. Sidhani alikuwa amesahau. Alinipikia chai.

Ya kujadili katika ushirika wa Jumatano:

Ni neno gani ulilofundishwa ukiwa mtoto ambalo hujawahi kulipima kwa Maandiko?

Je, kuna mtu uliyewahi kumjibu kwa neno kama hilo? Yuko wapi sasa?