Waliobaki Sokoni

SABATO MCHANA

Somo la Juma Hili: Mathayo 20:1–16, Matendo 9:26–28, 11:22–26, Filemoni 8–22, Mithali 6:1–5, Mwanzo 39, Kutoka 20:8–11.

Fungu la Kukariri: 1 Wathesalonike 4:11, 12.

Asubuhi mjini Ushirombo, makao makuu ya Wilaya ya Bukombe mkoani Geita, vijana huonekana vijiweni kando ya barabara kuu itokayo Kahama. Wapo waliomaliza kidato cha nne. Wapo waliorudi kutoka machimboni baada ya duara kukosa dhahabu. Malori yanapita kuelekea Rwanda na Burundi, na wao wanayatazama. Siku ya Sabato baadhi yao wamo kwaya.

Kanisa huwaombea, na ni vema. Lakini Biblia inafundisha nini kifanyike baada ya “Amina,” ili kijana apate kazi, na akiipata asiipoteze?

JUMAPILI: Saa Kumi na Moja

Soma Mathayo 20:1–7. Mwenye shamba alitoka mara ngapi? Wale wa mwisho walieleza nini juu ya kukosa kazi?

Mfano huu unafundisha kwanza neema ya Mungu. Hata hivyo, Yesu aliuchukua katika maisha ambayo wasikilizaji wake waliyajua. Saa zinazotajwa hapo huhesabiwa kama saa za Kiswahili: saa kumi na moja ni jioni, jua li karibu kuzama. Mtu mvivu angekuwa amekwisha kwenda nyumbani. Watu hawa walikuwa bado sokoni, wakitumaini kuitwa. Mwenye shamba alipowasikia hakuwakemea, aliwapa kazi.

Mara nyingi 2 Wathesalonike 3:10 husomwa mbele ya vijana wasio na kazi. Lisome tena kwa uangalifu. Paulo anasema juu ya mtu asiyetaka kufanya kazi, si juu ya yule aliyeikosa.

*Je, umewahi kumhesabu kijana kuwa mvivu kabla ya kumwuliza habari zake?*

JUMATATU: Barnaba Aenda Tarso

Soma Matendo 9:26–28 na 11:22–26. Barnaba alimfanyia Sauli mambo gani?

Sauli alikuwa na elimu, bidii na wito, lakini Yerusalemu hakuna aliyemwamini. Barnaba alimchukua, akamtaja kwa wema mbele ya mitume. Baadaye, kazi ilipoongezeka Antiokia, hakungoja Sauli aje kuomba. Alisafiri hadi Tarso kumtafuta, akamleta, wakafanya kazi pamoja mwaka mzima. Kumtaja, kumtafuta, kukaa naye: hayo matatu ndiyo msaada kamili.

Katika mji kama Ushirombo, kazi nyingi hazibandikwi ukutani. Mwenye karasha akihitaji mtu, au mwenye gereji akitaka msaidizi, huwauliza watu anaowajua. Kijana asiye na wa kumtaja hasikii habari mpaka nafasi imejaa. Lakini kila Sabato fundi, muuguzi, mwalimu, dereva na mwenye duka huketi karibu na kijana huyo, wakaimba naye wimbo mmoja, kisha wakaagana mlangoni.

*Katika darasa lako, ni nani anayejua kila kijana ana ujuzi gani?*

JUMANNE: Deni la Onesimo

Soma Filemoni 8–22. Paulo alikuwa tayari kupoteza nini kwa ajili ya Onesimo?

Waraka huu mfupi unafanana na barua ya udhamini. Paulo hafichi kwamba Onesimo alikuwa hafai hapo kwanza. Anaeleza alivyobadilika, anaahidi kwa mkono wake mwenyewe kulipa hasara, na anaomba aandaliwe mahali pa kulala kwa maana anatarajia kufika. Mdhamini huyu anamjua mtu wake, anasema kweli, na atakuja kuona mambo yanavyokwenda.

Sasa soma Mithali 6:1–5 na 22:26, 27. Sulemani anaonya juu ya kuwa mdhamini. Je, maandiko haya yanapingana? Hapana. Sulemani anaonya juu ya ahadi ya haraka, na ya mtu asiyeweza kulipa. Paulo alikuwa amekaa na Onesimo na kumpima. Kwa hiyo mzee wa kanisa asiandike barua ya kumsifu kijana asiyemjua; barua moja ya uongo huwafungia mlango vijana watakaofuata. Dawa yake ni kumjua kijana mapema, si kukataa kuandika.

JUMATANO: Kuitunza Kazi

Soma Mwanzo 39:1–6 na 19–23. Yosefu alionekanaje kazini, mahali ambapo hakupachagua?

Potifa aliacha mali yake yote mikononi mwa Yosefu. Katika nchi ya dhahabu, neno hili lina uzito. Jiwe dogo likiingia mfukoni laweza kuondoa imani iliyojengwa kwa miezi mingi. Mwajiri anatafuta nguvu za mikono, lakini anatafuta zaidi mtu ambaye anaweza kumwachia ufunguo.

Jaribu lingine ni habari kwamba dhahabu imetoka kwa wingi mahali fulani. Kijana anayejifunza kuchomelea anaacha kazi na kukimbilia huko, kisha anarudi hana dhahabu wala ufundi. Hapo ndipo anapohitaji mtu mzima wa kumtembelea, kusikia ugumu wake, na kumwuliza mwajiri pia anaendeleaje.

Lakini soma pia fungu la 7–12. Yosefu aliipoteza kazi kwa sababu ya haki. Zipo kazi ambazo kanisa halipaswi kumsukumia kijana. Sheria ya Tanzania hairuhusu mtu wa chini ya miaka 18 kuajiriwa mgodini, na kuchoma zebaki kunadhuru mwili hata kukiwa na malipo mazuri.

ALHAMISI: Siku Sita na ya Saba

Soma Kutoka 20:8–11. Amri hii inaagiza nini juu ya siku sita?

Zamu za migodini na kwenye karasha hazisimami Ijumaa jioni. Kwa kijana Mwadventista, hili ndilo swali linaloweza kuamua kama atabaki kazini. Wengine hunyamaza siku ya kuajiriwa, kisha Sabato ya kwanza hawaonekani. Mwajiri huona amedanganywa. Ni heri kusema mapema, kwa heshima, na kuomba zamu ya Jumapili au ya usiku mwingine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya dini; kiongozi wa kanisa anaweza kwenda pamoja na kijana kuzungumza kwa upole.

Hata hivyo, anayechelewa Jumatatu hudhoofisha ombi lake la Sabato. Na kijana akikosa kazi kwa ajili ya Sabato, kanisa lililomfundisha amri hiyo limwache peke yake na njaa?

IJUMAA: Jifunze Zaidi

Katika kitabu *Elimu*, kilichotoka mwaka 1903, Ellen White aliweka mafunzo ya kazi za mikono kuwa sehemu ya malezi ya kijana. Soma sura inayohusu jambo hilo.

Halmashauri nchini hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mpango huo ulisimamishwa mwaka 2023, ukarejeshwa 2024. Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata hueleza masharti. Kikundi cha vijana wanaofuga nyuki au kushona nguo kinaweza kuanzia hapo, kikikumbuka kwamba mkopo hulipwa.

Maswali ya Kujadili:

1. Taja vijana wa kanisa lako wasio na kazi. Kwa kila mmoja, nani atakuwa Barnaba wake robo hii?
2. Mdhamini afanye nini kijana aliyemwombea kazi akiiba?
3. Darasa lako litamsaidiaje, kwa vitendo, aliyeachishwa kazi kwa sababu ya Sabato?
4. Mwenye shamba alirudi sokoni hata saa kumi na moja. Ni nani ambaye kanisa limeshakata tamaa juu yake?