Akwaponiki kwenye fleti: anza na uzito, samaki baadaye

Vijana wengi wa mjini wananiuliza kama mtu anaweza kufuga sato na kulima mboga kwenye baraza ya ghorofani. Inawezekana. Kinyesi cha samaki kinageuka mbolea, na mboga zinasafisha maji yanayorudi kwa samaki.

Kabla hujanunua chochote piga hesabu ya uzito. Lita 1 ya maji ni kilo 1, kwa hiyo tanki la lita 150 ni kilo 150. Kitanda cha kokoto cha lita 100 nacho ni kama kilo 150. Hapo una kilo 300 mahali padogo, stendi hujaihesabu. Ongea na mwenye nyumba kwanza, ikiwezekana na fundi anayejua jengo, na usiweke ukingoni mwa baraza. Na kumbuka, maji yakivuja yanamshukia jirani wa chini.

Kokoto za kwetu pwani nyingi ni za chokaa. Zidondoshee siki, zikitoa povu achana nazo, maana zinapandisha pH na mboga zinakosa madini ya chuma, majani machanga yanageuka njano. Lenga pH 6.8 hadi 7.2. Pampu ya lita 600 kwa saa, ikiwaka dakika 15 kila saa, inatosha kuzungusha lita zako 150.

Sasa hapa ndipo hela za wengi zinapopotelea: wanajaza maji leo, kesho wanaleta vifaranga, baada ya siku chache vinaelea. Samaki anatoa amonia, nayo ni sumu kwake. Wanaoibadilisha ni bakteria, kwanza kuwa naitraiti (bado sumu), kisha naitreti ambayo mboga inakula. Bakteria hao wanahitaji wiki 4 hadi 6 kuzaliana kwenye kokoto. Maji ya bomba yaache wazi siku 2 klorini itoke, halafu tupia chakula kidogo cha samaki kila siku kioze. Pima kwa kile kipimo wanachouza maduka ya samaki wa mapambo. Amonia itapanda, ishuke. Naitraiti itafuata vilevile. Zote mbili zikifika karibu na sifuri na naitreti ikaonekana, leta samaki.

Anza na vifaranga 8, si 30. Walishe wanachomaliza ndani ya dakika 5, mabaki yatoe. Umeme ukikatika hewa inaisha majini, hivyo pampu ya hewa ya betri iwepo tangu siku ya kwanza.

Panda mchicha, saladi au sukuma wiki. Nyanya zisubiri mfumo ukomae. Dawa ya wadudu usipige kabisa, hata ya mwarobaini, inaua samaki. Wadudu watoe kwa mkono.

Faida? Samaki 8 hawalipi kodi ya fleti. Ila andika gharama ya chakula, umeme na kilo ulizovuna. Kwa namba hizo ndipo uamue kama ukope kwa ajili ya mfumo wa lita 5,000 au la.