Msumeno wa Mota: Jinsi ya Kuuchagua, Kuutumia, na Kuchukua Magogo kwa Salama

Mikaratusi, ambayo wengi huiita blugamu, ililetwa Kenya mwaka 1902 ili iwe kuni za kuendeshea magari moshi ya Reli ya Uganda. Leo magari moshi hayachomi kuni, lakini mti huo umebaki, nao umekuwa akiba ya mwenye shamba. Hutoa kuni za viwanda vya chai, nguzo za umeme, na mbao. Karo ya watoto ikitakiwa, mzee huuza miti kumi.

Siku ya kuikata miti hiyo ndiyo siku ya hatari. Zamani kazi ilifanywa kwa shoka, au kwa msumeno mrefu wa kuvutana watu wawili. Siku hizi msumeno wa mota, uitwao pawaso, humaliza mti kwa dakika chache. Lakini chombo kifanyacho kazi upesi huleta na madhara upesi. Basi somo letu ni hili: pima mti, pima msumeno, pima na gari, kabla kazi haijaanza.

KUCHAGUA MSUMENO

Wako wadhanio kuwa msumeno mkubwa ndio bora. Sivyo. Msumeno mzito huchosha mikono, na mikono iliyochoka haiwezi kuutawala. Upime kwanza unene wa miti yako karibu na ardhi. Kwa kupogoa matawi na kukata miti myembamba, baa ya inchi 14 au 16 yatosha. (Baa ni lile bapa la chuma lizungukwalo na mnyororo wa meno.) Kwa miti ya unene wa kadiri, yafaa baa ya inchi 18 au 20 pamoja na mota ya sisi 50 hadi 60. Mota ya sisi 70 na zaidi ni ya magogo makubwa na ya fundi aliyezoea. Usitie baa ndefu katika mota ndogo, maana italemewa.

Kabla ya kununua au kukodi, jaribu breki ya mnyororo. Msumeno usio na breki iliyo nzima usiwashwe hata mara moja. Uliza pia kama vipuri vyake hupatikana karibu nawe.

Misumeno mingi ya petroli hutaka petroli iliyochanganywa na oili yake maalum, sehemu 50 kwa sehemu 1, yaani mililita 100 za oili katika lita 5 za petroli. Lakini kitabu cha msumeno wako ndicho cha kufuatwa. Atiaye petroli tupu huiua mota. Tena, usitie mafuta mota ingali na moto, wala karibu na mwenye kuvuta sigara.

Utajuaje kwamba meno yamekuwa butu? Tazama kinachoanguka. Meno makali hutoa vibanzi. Meno butu hutoa unga. Ukiona unga, simama, chukua tupa, uyanoe. Mwenye msumeno butu husukuma kwa nguvu, na hapo ndipo ajali hutokea.

KUJIKINGA

Avae kofia ngumu yenye wavu wa uso, viziba masikio, glavu, buti imara, na suruali maalum ya kazi hii. Ndani ya suruali hiyo mna nyuzi ndefu ambazo mnyororo ukizigusa hujisokota na kusimama kabla ya kufika mfupani. Sauti ya msumeno hupita desibeli 100, na masikio huanza kuharibika kwa desibeli 85 mtu akizisikia kutwa nzima.

Huenda msomaji akasema, "Vitu hivi ni ghali." Ni kweli, lakini aulize gharama ya mguu uliokatwa, na nani atalima shamba mwenye mguu huo akiwa kitandani.

Hatari iliyo kubwa ni msumeno kuruka. Sehemu ya juu ya ncha ya baa ikigusa mti au tawi, msumeno hurushwa nyuma kuelekea uso wa mtu, kwa ghafla hata hawezi kuukwepa. Kwa hiyo ushike kwa mikono miwili daima, usikate kwa ncha, usikate juu ya mabega, wala usipande ngazi nao.

KUANGUSHA MTI

Kwanza, tazama mti umeinamia wapi, upepo watoka wapi, na kama juu pana tawi bovu au waya wa umeme. Mti ulio karibu na waya usiuguse. Waarifu wenye umeme.

Pili, fyeka njia ya kukimbilia, inayokwenda nyuma kwa mshazari. Watu wengine wote wakae mbali kwa kadiri ya urefu wa mti mara mbili.

Tatu, kata pengo upande utakaoangukia mti, kina chake kama robo ya unene.

Nne, kata kutoka nyuma, juu kidogo ya pembe ya pengo, lakini usikate yote. Bakiza bawaba ya mti, upana wake sehemu moja ya kumi ya unene. Mti wa sentimita 40 utabakiziwa sentimita 4. Bawaba hiyo ndiyo iuongozayo mti. Akataye bawaba ameuachia mti ujichagulie pa kuanguka. Tia kabari nyuma, na mti ukianza kwenda, ondoka.

Mti ulioinama sana huweza kupasuka wima na kumpiga mkataji. Huo mwachie fundi mzoefu.

KUVUTA NA KUCHUKUA MAGOGO

Avutaye gogo kwa trekta afunge mnyororo kwenye ndoana ya chini, chini ya ekseli ya nyuma. Akifunga juu, na gogo likanasa kisikini, trekta huinua pua na kumwangukia dereva kufumba na kufumbua.

Haya, sasa tufanye hesabu. Gogo lina urefu wa mita 5, na kipenyo cha katikati ni mita 0.3. Zidisha 0.3 kwa 0.3, kisha kwa 5, kisha kwa 0.785. Jibu ni kama mita 0.35 za ujazo. Mkaratusi mbichi wa mita moja ya ujazo hukaribia tani moja, pengine hupita. Basi magogo matatu tu yameijaza pikapu ya tani moja. Atiaye sita ameua springi na breki, na mteremko wa kwanza utamhukumu. Mzigo zaidi utake lori, au safari ya pili.

Magogo yafungwe kwa minyororo mbele na nyuma. Kijana wa kupakia asikae juu yake hata kwa safari fupi. Gari likifunga breki, magogo husonga, naye hana pa kwenda.

Wazee walisema, tahadhari kabla ya athari. Miti imekua miaka mingi shambani. Haitaharibika ikingoja saa moja ya kupima. Kabla ya kuwasha mota, mwenye shamba na ajiulize: Breki yashika? Meno ni makali? Watu wako mbali? Gari laweza mzigo? Akijibu ndiyo kwa yote manne, na aanze kazi.