Kulinganisha Saa Mbili Zilizomo Ndani ya Kompyuta

Kompyuta nyingi huwa na saa za namna mbili. Ya kwanza ni saa ya maunzi, yaani kifaa kidogo kilichomo katika ubao mkuu wa saketi, nacho hupata umeme wa betri ndogo ya volti 3. Saa hii huendelea kwenda hata mashine inapozimwa. Ya pili ni saa ya mfumo, ambayo ni hesabu inayotunzwa na programu endeshi wakati kompyuta inapofanya kazi. Katika mifumo ya jamii ya Unix, hesabu hiyo huanzia tarehe 1 Januari, 1970. Kompyuta iwashwapo, programu endeshi huisoma saa ya maunzi, kisha huendelea kuhesabu peke yake.

Je, kwa nini saa hizi huachana? Ndani ya saa ya maunzi mna fuwele ya kwatsi itetemekayo mara 32,768 kwa sekunde. Idadi hiyo ikigawanywa kwa mbili mara 15, hupatikana pigo moja kwa kila sekunde. Fuwele hizi hutetemeka upesi zaidi penye joto la nyuzi 25 hivi za Sentigredi. Joto likizidi au likipungua, saa huchelewa. Kosa la sehemu 20 tu katika milioni huleta tofauti ya sekunde 1.7 kwa siku, yaani zaidi ya dakika 10 kwa mwaka. Saa ya mfumo nayo hutegemea fuwele nyingine, yenye kosa lake.

Madhara yake si madogo. Katika zahanati yenye kompyuta mbili zisizopatana, kumbukumbu zaweza kuonyesha kwamba sindano ya pili ilitangulia ya kwanza. Tena, betri ikifa, tarehe yaweza kurudi nyuma miaka mingi. Hapo mashine huvikataa vyeti vya usalama vya benki, kwa kuviona havijaanza kutumika.

Dawa ya tatizo hili ni utaratibu uitwao NTP, ulioelezwa na David Mills wa Marekani mwaka 1985. Kompyuta huuliza wakati kwa mashine nyingine iliyo sahihi zaidi, na kukadiria muda uliopotea njiani. Kosa dogo husahihishwa polepole, ili wakati usirudi nyuma ghafula. Katika Linux, saa ya mfumo ikiisha kulinganishwa hivyo, wakati wake huweza kuandikwa katika saa ya maunzi kila baada ya dakika 11 hivi.

Hata hivyo, hapana budi kuamua saa ya maunzi ifuate wakati gani. Afrika ya Mashariki imetangulia wakati wa dunia kwa saa 3. Saa ya maunzi ikishika wakati wa mahali, na mfumo ukidhani ni wa dunia, kompyuta itatangulia kwa saa 3 kamili. Tofauti ya namna hiyo ni kosa la mpangilio. Bali tarehe ikipotea kila mashine inapokatiwa umeme, yafaa kwanza betri ibadilishwe.