"Yeye" ya Kiswahili na "He" ya Kiingereza: Suala la Jinsia katika Tafsiri ya Sheria

1.0 Utangulizi

Mtoto anayekulia Ijumbi, katika Wilaya ya Muleba mkoani Kagera, kwa kawaida huanza kusema Kihaya nyumbani, hukutana na Kiswahili kama lugha ya kufundishia katika shule ya msingi, kisha hutakiwa kusoma kwa Kiingereza aingiapo sekondari. Katika lugha mbili za mwanzo viwakilishi havimlazimishi kuamua kama mtu anayetajwa ni wa kike au wa kiume. Kiambishi nafsi a- cha Kiswahili, na a- cha Kihaya pia, humhusu baba sawasawa na mama. Lugha ya tatu humtaka aamue jambo hilo karibu kila anapofungua kinywa. Akisema "my mother he is sick", darasa hucheka na mwalimu husahihisha. Kosa hilo huhesabiwa kuwa ni la uzembe, ilhali mwanafunzi amefuata kwa uaminifu sarufi ya lugha mbili anazozijua vizuri.

Makala haya yanadai kwamba tatizo hili halikomi darasani, na kwamba uzito wake huonekana zaidi katika tafsiri ya sheria. Ni kawaida kusikia kuwa Kiswahili hakibagui jinsia kwa sababu hakina "he" wala "she". Kauli hiyo ni sahihi kisarufi. Kinachosahaulika ni kwamba "he" yenyewe ina maana zaidi ya moja, na kiambishi a- hulingana na mojawapo tu kati ya maana hizo.

2.0 Mahali jinsia inapokaa

Kiswahili hugawa nomino na viwakilishi vyake kwa utaratibu wa ngeli. Pale ambapo Kiingereza hutosheka na "it", Kiswahili huchagua baina ya ki-, li-, u-, i- na vinginevyo. Tazama mfano huu:

(1) Kisu kiliangukia bakuli, nalo likavunjika.

Msomaji hana shaka kilichovunjika ni nini. Kiingereza kikitumia "it" katika kishazi cha pili, kisu na bakuli hubaki vikigombania tendo. Kwa watu na wanyama hali hugeuka, kwa kuwa wote hukusanywa chini ya a- na wa-:

(2) Shangazi alimwambia mtoto wa kaka yake kwamba amekosea.

Nani amekosea? Mtoto akiwa wa kiume, "he" au "she" ingemaliza swali. Katika Kiswahili muktadha ndio unaoamua, au nomino irudiwe.

Jinsia, basi, haikosekani katika lugha hizi. Hukaa katika nomino. Kihaya kina "omukazi" na "omushaija", "omwisiki" na "omwojo". Katika istilahi za ukoo nomino hubeba hata zaidi. "Aunt" ya Kiingereza haielezi kama mhusika ni wa upande wa baba au wa mama, wakati Kiswahili humtenga shangazi na mama mdogo au mama mkubwa, na Kihaya humwita dada wa baba "ishenkazi". Kwa Mhaya tofauti hiyo si pambo la lugha. Huyo ni mtu wa ukoo wa baba, na ardhi ya ukoo hufuata upande huo.

3.0 Shamba la Muleba

Kesi ya Bernardo Ephraim dhidi ya Holaria Pastory inajulikana sana kwa wanasheria, lakini haijazoeleka katika mijadala ya isimu. Pastory, mwanamke wa Kihaya, alirithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake, na mwaka 1988 akaiuza kwa mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Ephraim, ambaye Pastory alikuwa shangazi yake, alifungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, wilayani Muleba, akidai kuwa kwa mila za Kihaya mwanamke hana uwezo wa kuuza ardhi ya namna hiyo. Kanuni za mila zilizotangazwa mwaka 1963 zilikuwa upande wake: mwanamke aliweza kupewa ardhi ya ukoo aitumie, bila ruhusa ya kuiuza. Mahakama ya Mwanzo ilikubaliana na Ephraim, Mahakama ya Wilaya ikatengua. Mwaka 1990 Mahakama Kuu huko Mwanza, chini ya Jaji Mwalusanya, iliamua kuwa wanawake na wanaume wana haki sawa ya kurithi na kuuza ardhi ya ukoo, kwa masharti yale yale.

Mila hizo zilikuwa zimeandikwa kwa Kiingereza tangu mwaka 1945, katika kitabu cha Cory na Hartnoll kuhusu sheria za kimila za Wahaya. Kwa vyovyote vile, mwandishi wa Kiingereza wa wakati huo alilazimika kuandika "he" au "she" kila alipomrejelea mrithi, hata pale ambapo usemi wa Kihaya ulikuwa na a- peke yake. Haifai, hata hivyo, kuhitimisha kwamba ubaguzi uliletwa na kiwakilishi cha kigeni. Mila zilimtenga mwanamke kwa kumtaja kwa nomino, katika lugha ambayo viwakilishi vyake havina jinsia hata kimoja. Wanaotafuta usawa wa kijamii ndani ya viambishi nafsi wangefaa kuitafakari kesi hii kwanza.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inatoa ushahidi wa aina hiyo hiyo. Haki za msingi zilipoingizwa mwaka 1984, ibara ya 13 ilikataza mtu kubaguliwa, na "mtu" ni neno la wote. Hata hivyo neno "jinsia" liliongezwa katika maana ya ubaguzi mwaka 2000 tu. Kutobagua kwa "mtu" hakukutosha. Ilibidi jambo lenyewe litajwe.

4.0 "He" mbili na mfasiri mmoja

Mabadiliko ya Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, yaliyofanywa mwaka 2021, yaliifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Sheria nyingi zilikuwa zimetungwa kwa Kiingereza, na kila "he" iliyomo humdai mfasiri uamuzi.

"He" ya kwanza ni ya mtu yeyote. Sura ya 1 yenyewe inaelekeza kuwa maneno ya kiume yajumuishe wanawake, isipokuwa muktadha ukikataa. Hapa Kiswahili hakihitaji msaada. Ibara ya 39 ya Katiba, inayotaja sifa za mgombea urais, humwita "mtu", wakati tafsiri yake ya Kiingereza hutumia "he". Samia Suluhu Hassan alipoapishwa tarehe 19 Machi 2021, msomaji wa nakala ya Kiswahili hakuwa na neno la kufafanuliwa. Msomaji wa Kiingereza alihitaji kanuni nzima ya ufasiri kwa ajili ya silabi moja.

"He" ya pili ni ya mwanamume hasa, na hupatikana katika sheria zinazowatofautisha mume na mke, kama Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Mfasiri aliyezoea "he" ya kwanza huandika a- na kuendelea, na hapo maana humponyoka:

(3) Mume akimwacha mkewe, atabaki katika nyumba hadi shauri liamuliwe.

Sentensi hii inaweza kumtoa mama na watoto nje, au ikamlinda. Kiingereza kingeliamua kwa "she". Kiswahili hakina budi kuandika "mke huyo atabaki". Kosa la kinyume nalo lipo: kutafsiri kila "he" kwa "mwanamume", na hivyo kuifinya sheria iliyokusudiwa wote.

"They" imeongeza kazi. Kiingereza huitumia pia kwa mtu mmoja ambaye jinsia yake haijulikani au haitajwi. Anayeitafsiri hapo kwa "wao" hubadili idadi na kuzusha washtakiwa wawili palipo na mmoja. "Yeye" ndiyo hasa inayotakiwa. Tena ipo "may", ambayo huruhusu, hukisia na, ikikanushwa, hukataza. "May not sell" katika kanuni kama zile za 1963 ni "haruhusiwi kuuza", si "huenda asiuze" wala "hawezi kuuza", kwa maana Pastory aliweza kabisa kuuza, na ndiyo sababu alishtakiwa.

Kanuni ya namna hiyo ikitafsiriwa, nomino "mwanamke" itajirudia katika kila kishazi ambacho Kiingereza kimeweka "she". Mhariri mwenye kupenda ufupi atatamani kuzifuta nomino za pili na za tatu. Akizifuta, katazo lililomhusu shangazi litaweza kusomwa kuwa linamhusu pia mtoto wa kaka yake.